Barua Pepe ya Biashara Nayo Ina Adabu Zake

Tuseme, mpenzi msomaji, mama yako ana vyerehani vinne kule Langas na anashona sare za shule. Ni mwezi wa Novemba, mahindi yanavunwa kote Uasin Gishu, wazazi wameanza kushika senti, na huu ndio wakati wa kutafuta oda za Januari. Mwalimu mkuu mmoja amemwambia, "Nitumie bei kwa barua pepe." Mama hana nafasi, kwa hivyo kazi hiyo inakuangukia wewe mwanafunzi uliye likizoni. Barua yako itafika pamoja na nyingine kadha kutoka maduka makubwa ya Barabara ya Uganda. Je, utaiandika vipi ili isipitwe?

Anza na anwani. Ile yenye jina lako la utani ilikufaa ulipokuwa ukiwaandikia marafiki, lakini bodi ya shule haiwezi kuamini "chali poa" na pesa za sweta mia moja. Fungua nyingine yenye jina la biashara, haina malipo. Aliye na uwezo zaidi anunue jina lake mwenyewe linaloishia kwa .co.ke. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa na mawakala walioidhinishwa, nayo hulipiwa kila mwaka. Jina hilo ndilo hukaa baada ya alama ya @, ambayo Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka wa 1971 ili kutenga jina la mtu na la tarakilishi anayoitumia. Usisahau kulipia, maana jina likikatwa, barua za wateja hazitakufikia.

Kuhusu kichwa cha barua, kumbuka insha ya barua rasmi uliyoandika shuleni. KUH haikuwekwa pale kwa urembo. "Bei ya sweta 120 za Gredi ya 10, Januari" inamwambia mwalimu mkuu kila kitu kabla hajaifungua. "Habari" haimwambii lolote.

Sasa tufike kwa jina, na hapa ndipo wengi huteleza. Huku kwetu watu hudhani Kip- ni mwanamume na Chep- au Jep- ni mwanamke, basi yamekwisha. Kwa jina ambalo mtu amepewa mwenyewe, aghalabu ni kweli. Lakini jina la mwisho huwa la baba au la mume. Bingwa wetu wa mbio za mita 1,500, Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, Tokyo 2021 na Paris 2024, angeitikiaje barua iliyoanza "Bwana Kipyegon"? Ukiwa na shaka, piga simu shuleni umuulize karani. Shilingi chache za simu ni bora kuliko kumwita mama wa watu bwana. Wala usiandike "Kwa Yeyote Anayehusika" ilhali jina limeandikwa pale langoni.

Baada ya jina, weka mstari mmoja ambao haungeweza kumwandikia mtu mwingine. "Poleni na kazi ya mavuno" unatosha kwa mwalimu ambaye unajua ana shamba. Au, "Mwaka jana mlisema mikono ya sweta ilikuwa mifupi, tumeiongeza." Mstari kama huo duka kubwa halina, kwa sababu hutuma barua moja kwa shule zote. Wewe ukitaka kunakili barua ya jana, nakili, bora uisome yote kabla ya kuituma, usije ukaacha jina la shule jirani katikati. Bei iandike ndani ya barua yenyewe, si ndani ya kiambatisho pekee, kwa kuwa wengi husoma kwenye simu wakiwa safarini.

Chini weka sahihi: jina kamili, kazi yako, jina la biashara, nambari ya simu, sanduku la posta, na mahali mlipo. Andika "mkabala na soko" ikiwa ndivyo watu wanavyopajua. Nembo ikiwepo iwe ndogo. Nimewahi kupokea barua yenye picha ya cherehani kubwa kuliko maneno yote, na rangi saba. Sijui walikuwa wakiuza nini.

Ukiwaandikia wateja arobaini kwa mpigo, anwani zao ziweke katika sehemu ya nakala za siri. Hapana mteja aliyekuruhusu kumtangaza kwa wengine thelathini na tisa, na tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kuipa barua yako sura moja isiyobadilika. Matapeli huingia katika anwani ya muuzaji au huunda nyingine inayofanana nayo, herufi moja tu ikiwa tofauti, kisha humwandikia mteja: "Tumebadilisha akaunti, lipa kwa hii mpya." Shule ikilipa, pesa zimekwenda, nawe umeshanunua uzi kwa mkopo. Mteja aliyezoea mwandiko wako, salamu zako na sahihi yako hushtuka upesi. Kwa hivyo ongeza chini ya kila barua: "Hatubadilishi nambari ya malipo kwa barua pepe. Ukipata ujumbe kama huo, tupigie kwanza." Naye apige kwa nambari iliyo kwenye risiti yake ya zamani, si ile iliyo ndani ya barua iliyomletea habari hizo.