Uniti moja haipandishi zote

Juma hili tumefanya hesabu na mabinti zenu wa darasa la informatiki hapa Kisenge. Mama mmoja wa kikundi, aliyewahi kukaa kwa dada yake Dar es Salaam, alitusimulia jambo. Huko, uniti za umeme zikikaribia 75 kwa mwezi, taa zilizimwa na mtoto akaacha kusoma usiku. Waliogopa kwamba wakipita 75, uniti zote zitapanda bei.

Tukachukua bei ya TANESCO ya mwaka 2016 kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo: uniti 75 za kwanza, shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo, shilingi 350 kila moja. Mabinti wakaandika programu kwa lugha ya C:

#include <stdio.h>
int main(void) {
    int uniti, bei;
    printf("Uniti ngapi? ");
    scanf("%d", &uniti);
    if (uniti <= 75)
        bei = uniti * 100;
    else
        bei = 75 * 100 + (uniti - 75) * 350;
    printf("Lipa: %d\n", bei);
    return 0;
}

Neno «if» ni «kama», «else» ni «la sivyo». Alama * ni kuzidisha. Kompyuta inauliza uniti, kisha inachagua njia moja kati ya mbili.

Binti mmoja aliandika kwanza uniti * 350 kwenye njia ya pili. Kwa uniti 76 akapata 26,600! Hilo ndilo kosa lililozima taa kule Dar es Salaam. Tuliposahihisha, 75 zilitoa 7,500, na 76 zikatoa 7,850. Uniti moja imeongeza 350 tu, kwa sababu zile 75 zinabaki kwenye bei yao ya chini. Kodi na makato mengine hatukuyaweka.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi tulimnyima mtoto taa bure.»

Hatumcheki, wamama. Wengi wetu tunalipa tusichokihesabu. Leteni faktire zenu za maji au za moto Jumamosi. Kama bei yake imepangwa kwa ngazi mbili, tutabadilisha namba tatu tu: 75, 100 na 350. Asiye na kompyuta aje na kalamu. Hesabu ni ile ile.