*MAONI YA TAWI: KERO ZISIPOTELEE KWENYE EXCEL*

Tukikutana na mama lishe wa Soko la Kilombero, bodaboda na wakazi wa kando ya Mto Naura, tunaandika kero zao kwenye Excel. Faili linazunguka WhatsApp, kila mjumbe na nakala yake. Mwananchi anaulizwa kero ileile mara tatu, jibu hapati.

Tunashauri tuhamie programu maalumu: kila kero na mfuatiliaji wake na tarehe ya majibu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu. Namba za watu zisisambae ovyo.

Kila mjumbe awasilishe nakala kwa Katibu, kisha aifute kwenye simu. Programu haitarudi mtaani kutoa majibu. Hiyo ni kazi yetu.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi, Tawi_