Baba Hayuko Safarini



Wiki iliyopita niliangalia filamu iitwayo "Daughters", ya Angela Patton na Natalie Rae, iliyotoka mwaka 2024. Nilidhani ni mambo ya Wamarekani tu, naangalia kisha nalala. Sikulala.

Inahusu mabinti wa Washington DC ambao baba zao wako jela. Wafungwa wanapewa mafunzo ya ubaba kwa wiki 10, halafu kwa siku moja wanavua sare, wanavaa suti na kucheza muziki na mabinti zao humo humo jela. Wanaume wazima wanalia kama watoto. Baadhi yao walikuwa hawajamkumbatia mtoto kwa muda mrefu, maana jela nyingi za huku zimefuta ziara za ana kwa ana. Familia zinaonana kwa video, tena kwa kulipia. Martha Wright, bibi kipofu wa mji huo huo, alikwenda mahakamani mwaka 2000 kwa sababu ya gharama za simu za mjukuu wake aliyefungwa. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023, mwenyewe ameshafariki.

Sasa tuje kwetu.

Jamaa yetu mmoja alifungwa katika jimbo ninaloishi. Binti yake, wakati huo miaka 7, aliambiwa baba amesafiri kwenda Dar. Mimi nilishiriki uongo huo. Nikamnunulia mdoli, nikamwambia baba kakutumia. Akaugeuza, akaniuliza, "Anko, kwani Dar wanauza kwa dola?" Nilisahau kubandua bei. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari za baba yake, na sisi watu wazima tukashukuru kwamba amezoea. Hakuzoea. Alijua kuwa hatumwambii ukweli, akanyamaza.

Wapo watakaosema jela si mahali pa mtoto, na kwamba ni aibu. Nakubali kosa ni kosa na sheria ishike mkondo wake. Nakubali pia kwamba kucheza muziki siku moja hakuponyi kila kitu. Filamu yenyewe haifichi hilo: binti wa miaka 5 aliyeanza mchangamfu, miaka inavyopita anazidi kuwa kimya. Lakini mtoto hakuhukumiwa. Kumnyima baba na kumnyima ukweli ni kumuongezea kifungo ambacho hakimu hakukitoa.

Sisi Waswahili wa ughaibuni hatushindwi kuchangishana. Harusi tunachanga, maiti tunasafirisha hadi nyumbani. Mafuta ya gari ya kumpeleka mtoto mmoja akamuone baba yake ndiyo yanatushinda?

Nimeshaongea na shemeji, na binti ameambiwa ukweli. Jumamosi tunaondoka alfajiri, mwendo wa saa nne.

Naomba kuwasilisha.