Vuli ya nani hii?

Manze, jana mpwa wangu wa Gredi ya 3 alirudi na kazi ya sanaa: apake majani ya vuli rangi ya machungwa. Jani lenyewe? Lile la bendera ya Kanada! Mamake akakimbia saiba kuprinti, akanunua manila na krayoni.

Wasee, vuli tunayoijua sisi ni mvua. Eldoret iko karibu na ikweta, hakuna miti inayojivua majani ikingoja theluji. Oktoba yetu ni mahindi yaliyokauka kote Uasin Gishu na maua ya jakaranda yakigeuza barabara zambarau. Hizo si rangi?

CBC ilipoanza 2019 tuliambiwa mtoto atajifunza kwa vitu vilivyo karibu naye. Basi walimu, itisheni maganda ya mahindi, magunzi, udongo, maua yaliyoanguka. Ni bure. Mzazi aliyesota hataaibika, na mtoto hatakua akidhani urembo huishi ng'ambo pekee.

Nanyi mliochora mtu wa theluji shuleni na hamjawahi kuiona theluji, msinyamaze. Hii ilianza na sisi.