Msambu ni Mali ya Taifa Zima

Wako wenzetu wanaodai kwamba misitu ya Usambara ni shauri la watu wa Tanga, na kwamba sisi wa Nduguti, wakazi wa nchi kame ya Singida, hatuna letu huko. Hoja hiyo ni potofu, nayo yafaa ipingwe kwanza darasani.

Tuutazame msambu, ambao wengine huuita mkanyi. Mti huu ni wa misitu yenye mvua ya milima ya mashariki ya Tanzania. Nje ya nchi yetu hauoti kwa asili. Mbegu zake hutoa mafuta mazito ambayo wenyeji waliyapikia tangu zamani. Lakini vitabu vya sayansi huuita Allanblackia stuhlmannii, kwa kumkumbuka Franz Stuhlmann, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Hatugombani na jina hilo. Tunagombana na elimu inayomfanya kijana alikariri, ilhali hajapata kulisikia neno msambu.

Hasara hii haikuanza jana. Wakoloni waliufyeka msitu wapande kahawa, kisha chai. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tuliendelea kupasua magogo hadi miaka ya 1980, na chini ya miti mikubwa ikapandwa iliki. Mgala muue na haki yake mpe: mkulima wa iliki alitafuta riziki. Hata hivyo, ili iliki istawi, miche michanga ya msitu hufyekwa, na mti mkubwa ukifa hauachi mrithi. Tena msambu una mti dume na mti jike, na mbegu yake yaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuota. Basi asemaye, "Tumebakiza mmoja," hajabakiza kitu.

Mwaka 1997 ilianzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Ni hatua njema. Lakini mpaka wa hifadhi hulindwa na fikra za watu kabla ya kulindwa na askari.

Nasi wa nchi kame tunaijua gharama ya kuchelewa. Huko Kondoa, kwa majirani zetu, ardhi ilimomonyoka hata mwaka 1979 ikabidi mifugo iondolewe. Nyasi na vichaka vilirudi. Msitu wa Usambara hautarudi hivyo, kwa kuwa miti yake mingi haina pengine pa kuletwa mbegu.

Kwa hiyo tunawaambia walimu: anzeni na miti ya uani. Wapeni vijana kazi ya kukusanya kwa wazee majina ya Kinyiramba ya miti ya Nduguti na matumizi yake, kisha wafundisheni habari za msambu. Kijana ajuaye thamani ya mti wa kwao hataambiwa kwamba mti wa Usambara si wake, akakubali. Taifa lisilojua miti yake kwa majina litaikata bila kujua lilichokata.