Ma-detective wa TikTok, Kware si filamu

Umeona video ngapi za msee amekaa bedsitter, taa ya duara usoni, akikueleza hatua kwa hatua jinsi miili ilivyofikishwa kwenye timbo la Kware? Mmoja anasema ilisukumwa kwa mkokoteni usiku. Mwingine anaapa ilikuwa gari, tena anataja hadi rangi. Muulize kama amewahi kukanyaga Mukuru kwa Njenga, anaku-block.

Tunachojua ni kidogo. Kuanzia Julai 12, 2024, miili na viungo vya watu vilitolewa kwenye timbo hilo lililojaa maji na takataka, vikiwa ndani ya magunia yaliyofungwa kwa kamba. Wengi walikuwa wanawake. Siku 3 baadaye, DCI wakatangaza wamemnasa mshukiwa wa miaka 33 na kwamba amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake naye akaambia korti kuwa mteja wake aliteswa. Agosti 20, jamaa akatoroka seli za Gigiri pamoja na raia 12 wa Eritrea. Hapo, kusema ukweli, hata nyanya yako angeanza kushuku.

Na kushuku sikukatazi. Wiki hizo vijana walikuwa wanatekwa kwa sababu ya maandamano, na timbo lenyewe liko hatua chache tu kutoka kituo cha polisi. Ukiuliza magunia yalipitaje hapo bila afisa kuona, hiyo ni haki yako, na kuna mtu analipwa mshahara kukujibu. Lakini ukishaanza "alimshika miguu, akamkunja hivi", umeacha swali umeingia kwa riwaya.

Riwaya hiyo inasomwa pia na watu waliotoa sampuli za DNA ili wajue kama aliye mochari ni wao. Wazia dada ya mtu anafungua simu saa nne usiku, anakukuta ukibishana na msee wa Rongai kama gunia moja linatosha mtu mzima. Umeweka na emoji ya kicheko.

Halafu wewe unajuaje? Maji na joto la takataka huozesha mwili vibaya. Wataalamu waliofanya upasuaji wenyewe walishindwa kubaini chanzo cha kifo kwa baadhi ya mabaki. Wewe umekibaini kwa picha iliyopigwa ng'ambo ya timbo.

Sheria nayo haina haraka kama yetu. Chini ya Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, mtu kukiri hakukubaliki hadi akiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu aliyemchagua mwenyewe awepo. Maelezo yaliyosomwa kwa wanahabari hayatoshi. Sasa shahidi halisi aliyekuwa hapo akijazwa stori za mtandaoni, halafu azirudie kizimbani, wakili wa utetezi atamla mzima mzima.

Kama uliona kitu Kware, kweli uliona kwa macho yako, laini ya Fichua kwa DCI ni 0800 722 203, haikati kredo na huhitaji kutaja jina. Huwaamini polisi? Naelewa sana. IPOA wapo, na ndio wanaowachunguza polisi wenyewe. Ile ya mkokoteni, futa.