Ekseli ya Baisikeli: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Kama wapeleka maziwa kwa baisikeli, mlio huu waujua: kwaka, kwaka, kila ukikanyaga pedali, hasa ukipanda mlima na mikebe miwili ya lita 20 nyuma. Lita 40 za maziwa ni kilo 41 hivi, na uzito wa mikebe bado. Mlio unatoka chini, pale ekseli ya pedali inapozunguka ndani ya lile bomba fupi la fremu. Wengi wetu huusikia na kuunyamazia miezi mitatu. Halafu asubuhi moja gololi zinavunjika njiani, maziwa yanafika jua limekwisha kuwa kali, na yakichacha hayapokelewi.

Lakini leo sikuandiki kwa ajili ya kuchelewa. Neno langu ni juu ya kununua. Twaingia dukani tukasema, "Nipe ekseli ya Black Mamba." Jina hilo twaiita kila baisikeli nyeusi nzito, ikiwa imetoka Uingereza, India au China. Mwenye duka naye anatoa kitu kilicho karibu na mkono wake. Mimi nilinunua hivyo, pamoja na vikombe vyake. Fundi akakaza kikombe, kikaingia mizunguko miwili kikagoma. Akaongeza bomba kwenye spana, kikaenda. Nilifurahi, lakini kumbe kilikuwa kinakula thredi za fremu, yale meno membamba yanayoshika kikombe. Baada ya mwezi kikombe kilianza kulegea chenyewe, na hakuna kikombe kingine kilichoweza kushika tena. Ekseli hununuliwa mara nyingi, bali thredi za fremu zikisha, fremu nayo imekwisha.

Sababu yake ni hii. Vikombe vya namna nyingi ya hizi baisikeli vina meno 24 katika kila inchi moja. Raleigh za zamani zilizotengenezwa Nottingham zina 26. Unene wa vikombe hivyo viwili unakaribiana sana, hata jicho halitofautishi, ndiyo maana kisichofaa huingia mizunguko miwili kabla ya kugoma. Kiwanda kile cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, lakini fremu zake ni ngumu, na huenda hiyo yako ilinunuliwa na baba yako.

Basi kabla ya kununua, jua kwanza kama ekseli ndiyo mbovu. Shika kranki moja karibu na pedali, uitikise kwa upande, kuelekea fremu na kutoka. Ikitikisika pamoja na ile ya pili, shida ni ya ekseli au gololi. Ikicheza moja peke yake, ni pini yake tu inayoibana kwenye ekseli, nayo ni ya bei ndogo. Nimeona watu wakifungua kila kitu kwa sababu ya pini.

Ikiwa ni ekseli, ifungue, uifute grisi, uifunge katika kitambaa pamoja na vikombe vyake, uende navyo dukani. Usitume mtoto na jina tu. Weka ekseli mpya kando ya kuukuu. Urefu wote ulingane, tena mabega mawili ambapo gololi hukimbilia yawe umbali ule ule. Mabega yakikaribiana mno, kikombe cha kushoto huzama ndani hata pete ya kukifungia ikakosa pa kushika. Yakiachana mno, kikombe husimama nje na kushikwa na meno machache. Tazama pia kuwa ekseli nyingi za pini zina upande mmoja mrefu, nao ni wa kulia, wenye mnyororo. Ukiigeuza, gurudumu la meno litasugua fremu.

Kikombe nacho kiwekee cha zamani ubavuni, meno kwa meno, uvielekeze kwenye mwanga. Meno yakilalana bila nafasi, ni namna moja. Yakianza sawa kisha yakapandana, kirudishe, hata mwenye duka akiapa.

Kikombe cha kulia usikitoe bila haja. Kimulike kwa tochi: kikiwa na mstari laini unaong'aa, kiache, kikiwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, kibadilishe. Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure, maana thredi zake ni za kinyume. Kukifungua, zungusha kufuata mshale wa saa. Cha kushoto hufunguliwa kama skrubu ya kawaida.

Gololi ni za robo inchi, 11 kila upande zikiwa hazina kikapu. Nunua zote 22 mpya. Kuchanganya na kuukuu ni ubahili wa hasara, kwa kuwa mpya ni nene kidogo nazo hubeba mzigo wote peke yake. Grisi iwe nyingi. Kaza kikombe cha kushoto mpaka kucheza kuishe na ekseli bado izunguke kwa kidole.

Ukipigilia pini, tegemeza kranki kwa chini juu ya kipande cha mti au cha bomba. Ukipiga hewani, kila nyundo huzitoboa gololi vikombeni, na kazi yote ni bure. Nati za pini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo pedali hazitakuwa mstari mmoja. Baada ya safari ya kwanza ya kiwandani, kaza nati tena.

Mwenye baisikeli ya gia, yenye ekseli ya ncha za pembe nne, asiniazime maneno haya yote. Yake mara nyingi ni mkebe mmoja uliofungwa, hununuliwa kwa upana wa bomba la fremu, kwa kawaida milimita 68, na kwa urefu wa ekseli. Kranki za pini hazikai juu yake.

Na ninyi wa kamati za duka la ushirika, ninawaomba jambo moja katika mkutano ujao: wekeni vikombe vya meno 24 na vya 26 katika visanduku viwili, kila kisanduku na namba yake nje.